Mbaazi Si Mpunga

Kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, watu wa Katindiuka huhama. Hakuna anayewafukuza. Wanafuata mpunga. Hukusanya sufuria, majembe na kuku, wakavuka mto Kilombero kwa mitumbwi. Ng'ambo, bondeni, hujenga madungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, maji yapite chini na watu walale juu. Huko hukaa msimu wote, wakifukuza ndege na viboko, mpaka mpunga uvunwe. Nyuma hubaki nyumba zilizofungwa, wazee wachache, na mbwa wasio na adabu.

Mwaka 1954 alibaki pia Melkiori.

Melkiori hakuwa mzee. Alikuwa mkulima mwenye nguvu, na mwenye maneno mengi juu ya mpunga. Lakini mguuni alikuwa na kidonda ndugu. Kidonda hicho kilikuwa na cheo kikubwa nyumbani. Kilikalia kiti. Kilipelekwa hospitali Ifakara kila juma. Kilifungwa kitambaa cheupe kuliko shati la Jumapili la mwenyewe. Na dresa, yaani mtu wa hospitali anayesafisha na kufunga vidonda, alikuwa amekitolea amri: kisiguse maji.

"Hata kikipona," dresa alisema, "usirudi kusimama msimu mzima ndani ya maji ya mpunga. Ngozi itakuwa nyembamba. Kitafunguka tena, na safari hiyo tutazungumza habari ya msumeno."

Melkiori hakuuliza msumeno wa kazi gani.

Asubuhi ya kuhama, mkewe Klementina alifunga mizigo. Watoto wao watatu, Teofili, Serafina na Viktor, walikwisha beba mizigo kichwani. Melkiori alikaa kwenye kiti pamoja na kidonda chake.

"Mama Teofili," alisema, "niachie mtoto mmoja. Niachie Viktor."

"Viktor atakula nini, Baba Teofili?"

"Atakula ninachokula mimi."

"Na wewe utakula nini?"

Melkiori alitazama ghalani. Palikuwa na unga wa kumtosha mtu mmoja, ikiwa mtu huyo si mlafi.

"Samaki wako bondeni," alisema Klementina. "Mpunga uko bondeni. Hapa kuna kiti na kidonda. Siwezi kumwacha mtoto na njaa ili wewe upate mtu wa kuzungumza naye."

"Na mwakani? Mwakani pia sitashuka. Dresa amesema."

Klementina alikaza kamba ya mzigo, ingawa ilikuwa imekaza tayari.

"Mwakani, nikiona nyumba hii inaweza kulisha watu, nitakuachia Serafina na Viktor. Isipoweza, tutahama wote tena. Sisemi kwa ubaya, mume wangu. Nasema kwa sababu watoto wanakula kila siku."

Wakaondoka. Viktor aligeuka nyuma mara nyingi, mpaka akajikwaa na kupigwa kofi na dada yake. Halafu njia ikawa tupu.

Jioni ile Melkiori alisonga ugali wa watu watano, kwa mazoea. Akala peke yake. Uliobaki aliutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja uanze kusema.

Siku zilizofuata zilifanana. Alifagia uwanja ambao haukuchafuliwa na mtu. Alisikia mtu akikohoa, akafurahi, kumbe ni yeye mwenyewe. Alimwamkia jogoo kila asubuhi. Jogoo hakuitikia, kwa maana jogoo wa Katindiuka hawakufundishwa heshima.

Siku moja sauti ilisikika uwanjani.

"Hodi hapa!"

Melkiori aliruka kitini, akasahau kidonda, akakikumbuka, akakaa tena.

"Karibu, mama! Shikamoo."

"Marahaba. Nimekusikia tangu njiani. Ulikuwa unazungumza na nani?"

"Nilikuwa nasali."

"Kwa kumwuliza Mungu kama amekwisha kula mtama?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa mama Balbina, jirani yake. Alikuwa mjane. Alizaliwa milimani, upande wa Mahenge. Wanawe wawili walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, mbali, upande wa Kilosa. Mwanzoni walirudi kila mwaka. Siku hizi hawarudi. Naye alikuwa amezeeka mno kwa kazi ya bondeni.

Balbina alileta bakuli la mbaazi zilizopikwa na kibaba cha mbaazi kavu.

"Hizi ule," alisema. "Hizi upande. Mbaazi ni jamii ya kunde, lakini haitambai. Inasimama na kuwa kichaka kirefu kuliko wewe. Inatoa maua, halafu maganda. Inalisha watu, na majani yake yakianguka yanalisha udongo. Sasa sikiliza namna ya kuipanda."

Hapo Melkiori alinyosha mgongo.

"Mama, mimi nimezaliwa shambani. Jembe nalijua."

"Jembe unalijua. Na mbaazi?"

"Mmea ni mmea."

Balbina alimtazama, akachukua bakuli lake tupu.

"Haya, Bwana Mmea," alisema, akaenda zake.

Melkiori alifurahi sana. Alikuwa amepata njia. Nyumba itakuwa na chakula, na mwakani itakuwa na watoto. Akaanza kazi siku ile ile, polepole, akiuburuta mguu kama mzigo wa mtu mwingine.

Kwanza alichagua mahali. Nyuma ya nyumba palikuwa na kona ya chini, yenye udongo mweusi, ambapo maji ya mvua hujikusanya. Hapo ndipo mahali pazuri, aliwaza. Udongo mweusi na maji: nini kingine mmea unaweza kutaka? Pili, alimwaga mbegu kwa mkono, kama anavyomwaga mpunga. Tatu, akajenga kingo za udongo pande zote, maji yasitoroke. Alipomaliza alisimama akalitazama shamba lake kwa fahari. Lilikuwa shamba zuri kabisa la mpunga. Ila halikuwa na mpunga.

Mvua ilinyesha vizuri. Mbegu ziliota, zikasongamana kama watu mlangoni mwa kanisa siku ya Pasaka. Kisha majani yakaanza kugeuka manjano.

Mkulima wa mpunga akiona majani ya manjano hutafuta tundu la kuvujia maji. Melkiori alilitafuta akiwa juu ya kingo, akalipata, akaliziba kwa matope. Kesho yake majani yalizidi kuwa manjano. Akaongeza matope. Mimea ikaanza kulala, mmoja baada ya mwingine, na Melkiori akalala kitandani mchana, jambo ambalo hakupata kulifanya. Aliona mwakani inakuja, na njia ni tupu vile vile.

Balbina alipita na kuni zake. Akasimama kwenye kingo. Akatazama maji.

"Melkiori! Unafuga kambale?"

"Shikamoo, mama. Ni mbaazi."

"Marahaba. Nilijua ni mbaazi. Nilikuwa nakusaidia kutafuta sababu nzuri."

Hakucheka sana. Labda aliuona uso wake. Aliweka kuni chini, akang'oa mche mmoja, akampa.

"Nusa."

Mizizi ilikuwa myeusi, laini, na ilinuka vibaya.

"Imeoza," alisema Melkiori.

"Imeoza. Mpunga unaweza kusimama ndani ya maji na kupumua. Mbaazi haiwezi. Maji yakituama, mizizi inakosa hewa, inakufa. Jani linakuwa manjano kwa sababu ya maji mengi, na wewe unaongeza mengine." Akaonyesha mguu wa Melkiori uliofungwa. "Wewe na mbaazi mmepewa amri moja na dresa mmoja. Wewe umeitii. Mbaazi umeizuia isitii."

Melkiori aliutazama mguu, kisha mche. Ilikuwa kweli. Akatupa mche chini.

"Mama Balbina," alisema kwa sauti ndogo, "nifundishe."

"Sasa umesema neno la mkulima. Mbegu zimebaki?"

"Zimebaki kidogo."

"Mvua bado ni mpya. Hatujachelewa."

Walipanda upya, yeye na Balbina. Safari hii walichagua mahali pa juu, kando ya njia, ambapo udongo ni wa kichanga na maji hupita yakaenda zake. Melkiori alichimba mashimo kwa mistari.

"Nafasi kiasi gani?" aliuliza.

"Hatua moja ndefu toka shimo hadi shimo. Hatua ya mtu mzima wa miguu, si ya kwako. Na kati ya mstari na mstari, nafasi kubwa zaidi, tupande mahindi."

"Ardhi yote hii itakaa wazi?"

"Sasa itakaa wazi. Baadaye utakosa pa kupita. Mbegu tatu kila shimo. Zikiota, bakiza miche miwili yenye nguvu. Mingine ing'oe."

"Niihamishie pengine?"

"Hapana. Huu si mpunga wa kuhamishwa. Mzizi wa mbaazi unashuka moja kwa moja chini, ukiukata umeuua. Ukiona pengo, panda mbegu nyingine."

Mbaazi ziliota. Kwa muda zilikuwa ndogo na zenye huzuni, na magugu yakazipita.

"Zinaumwa?" aliuliza Melkiori.

"Zinajifanya," alisema Balbina. "Mwanzoni mbaazi hukua polepole. Palilia mapema, mara mbili. Ikikwisha simama, kivuli chake chenyewe kitayazuia magugu."

Melkiori alipalilia akiwa amekaa juu ya kigoda, akikisogeza shimo kwa shimo. Kazi ilimpa sababu ya kuamka. Lakini haikumjibu aliposema. Masika ilipofika, njia ya kwa Balbina ilijaa maji, na kidonda hakikuruhusiwa kupita. Wakawa wanaitana kwa mbali, kila mmoja mlangoni pake.

"Umeamkaje, Melkiori?"

"Salama, mama! Na wewe?"

"Salama!"

Basi. Mvua ilichukua maneno mengine yote. Melkiori alikaa akisikiliza maji yakianguka toka makutini, akawaza kama Viktor bado anamkumbuka, au kama anamkumbuka kama mtu wa kiti tu.

Mvua ilipopungua, mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa na kuliwa. Mbaazi zilikuwa zimempita Melkiori kwa kimo. Zilikuwa na majani mengi ya kijani, mazuri sana. Hazikuwa na ua hata moja.

Ndipo akaja Dionisi, ndugu yake Klementina, kutoka bondeni. Alikuja kutafuta chumvi.

"Shemeji!" alisema, akisimama mbele ya shamba. "Kumbe umelima. Hapa chui wangefurahi kuzalia."

"Ni mbaazi hizo, shemeji."

"Ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Zinatoka wapi, Dar es Salaam?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akavua kofia. "Shemeji, nina ujumbe. Mto ulipanda ukachukua nusu ya mpunga wenu. Watoto hawajambo. Lakini mavuno ni kidogo. Klementina anasema atakuja kuona nyumba. Kama hapa hakuna chakula, atarudi ng'ambo na watoto, wakae na kaka yetu Wendelin kiangazi chote. Huko angalau kuna samaki."

"Kiangazi chote?"

"Na baada ya kiangazi ni kulima tena, shemeji. Wewe unajua."

Melkiori alijua. Dionisi alipoondoka, aliingia ndani akatoka na panga. Huko bondeni mpunga ulikuwa umekwisha zaa na kuvunwa. Hizi zilikuwa zimekaa ardhini muda ule ule, na hazikuzaa kitu. Zilikuwa tasa. Zingefaa kuni. Akaanza mstari wa kwanza. Kwa sababu ya mguu hakuweza kuinama, akakata juu ya goti. Shina, tena shina, tena shina.

"Weka panga chini!"

Balbina alikuja mbio, jambo la ajabu kwa mtu aliyezeeka mno kwa kazi ya bondeni.

"Weka chini, nakwambia! Unawakata wenye mimba!"

"Mimba gani, mama? Tazama! Hakuna ua!"

Balbina aliokota tawi lililokatwa. Akamwonyesha ncha yake. Palikuwa na vitu vidogo vya kijani, vimekusanyika, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama.

"Hivi ni nini?"

Melkiori aliinamisha kichwa kuvitazama.

"Ni maua ambayo hayajafunguka. Tena umesahau. Tena unataka iwe mpunga. Mpunga hutoa suke mvua zikiwa bado. Mbaazi hii yetu hujenga mwili kwanza, msimu wote. Mvua ikikatika na baridi ikianza, ndipo inatoa maua. Watu wakirudi toka bondeni wakiwa hawana mboga, ndipo inazaa. Sasa ni saa yake, na wewe umekuja na panga."

Melkiori alikaa chini, katikati ya matawi aliyoyakata.

"Mama," alisema, "mimi siwezi mwaka mwingine wa kuzungumza na jogoo."

Balbina alikaa pia.

"Mimi nilizungumza na wangu tangu wanangu waende mkonge."

"Alikuwa anakujibu?"

"Hapana. Krismasi nikamla."

Melkiori alicheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Balbina akamwacha acheke mpaka kikaisha chenyewe.

Maua yalifunguka wakati wa baridi. Yalikuwa ya manjano, mengine yakiwa na mistari myekundu mgongoni. Nyuki walikuja, wakafanya kelele tangu asubuhi, na Melkiori akazipenda kelele zao. Balbina alimwonya atazame maganda kila siku, aondoe viwavi wanaotoboa. Alitazama asubuhi, akatazama mchana, akatazama jioni, mpaka viwavi wakakata tamaa ya maisha.

Klementina alifika siku ambayo maganda ya chini yalikuwa yamejaa. Watoto walikuwa wamekonda. Viktor alikuwa amerefuka, akamsalimu baba yake kwa haya, kama mgeni. Mizigo yao waliiweka nje, mlangoni. Klementina hakuifungua.

"Karibuni mle," alisema Melkiori.

Alikuwa amepika mbaazi mbichi kwa karanga zilizotwangwa. Watoto walikula bila kusema. Walikula tena. Viktor alilala papo hapo, mkono ukiwa ndani ya bakuli.

Klementina alikula kidogo, akainuka, akaenda shambani peke yake. Alipita mstari mmoja, akarudi kwa mwingine. Alifungua ganda, akatazama ndani. Melkiori alimfuata kwa mbali. Maneno mengi aliyoyaweka miezi yote yalikuwa yamemkimbia.

"Hizi zikikauka, zitakaa mpaka lini?" aliuliza Klementina.

"Mpaka mvua, na kupita. Nitazianika vizuri, nizichanganye na majivu, zisibunguliwe na wadudu. Na mbegu nitachagua toka vichaka vyenye afya."

"Na hivi vifupi?"

Ulikuwa ule mstari wa panga. Mashina yalikuwa yamechipua upya, yenye majani mabichi.

"Hivyo nilikata... nilikata mapema. Kwa bahati nilikata juu ya goti. Ningekata chini kabisa vingekufa. Mama Balbina anasema baada ya mavuno nivikate vyote hivyo hivyo, vichipue na kuzaa mwaka wa pili. Baada ya hapo nihamishe mbaazi, na hapa nipande mahindi. Udongo utakuwa umepata nguvu."

Klementina alishika jani moja, akalisugua kwa kidole.

"Baba Teofili, mimi nilikuja kukuaga."

"Najua."

"Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kusema."

"Najua, Mama Teofili."

Klementina alihesabu maganda ya kichaka kimoja, kisha ya cha pili. Nyuki walifanya kazi yao. Kisha akageuka upande wa nyumba, akapaza sauti.

"Teofili! Serafina! Fungueni mizigo!"

Mvua zilipoanza tena, Klementina alivuka mto pamoja na Teofili tu. Alikuwa bado na mpunga wa kulima, na Melkiori bado alimsindikiza kwa macho mpaka njia ikawa tupu. Hilo halikubadilika, na lilimwuma kama mwaka uliopita. Lakini Serafina na Viktor walibaki, pamoja na mbaazi kavu za kuwatosha. Walisema tangu alfajiri. Waliuliza maswali wakiwa wanakula, na waligombana wakiwa wamelala. Melkiori alilalamika kwamba hasikii hata mawazo yake, naye alilalamika kwa sauti kubwa ili majirani wasikie jinsi anavyoteseka.

Mguu ulipona, na ulikaa mkavu. Mwaka ule watu wengine wa Katindiuka waliobaki nyuma walikuja kuomba mbegu. Melkiori aliwapa, akawaambia jambo moja kabla hawajaondoka: pahali pa juu, pasipotuama maji. Aliyejibu kwamba mmea ni mmea, alinyang'anywa kibaba mpaka akubali kusikiliza.

Jioni moja Viktor alitumwa kwa jirani.

"Shikamoo, bibi. Baba anasema njoo ule."

"Marahaba. Amepika nini?"

"Mbaazi."

"Tena?" alisema Balbina. Lakini alikuwa amekwisha toka nje, na mlango alikuwa ameufunga nyuma yake.